Pengo la Sanduku la Saba

Chumba cha mitambo,
4 Februari

Kasuku,

Salamu nitaziweka mwishoni, kama zitabaki. Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu simu ya kituo sasa inapitia kwa katibu wa Meneja, na simu inayopitia kwa mtu mwingine si simu, ni mkutano wa hadhara.

Redio imeuzwa tena. Mmiliki wa kwanza, Mwalimu, alitupa masomo, salamu na matangazo ya vifo. Akaja Bwana Rangi, tukawa kila baada ya wimbo mmoja tunauza ndoo mbili za rangi ya ukuta. Sasa ni Kampuni. Uso wao hatujauona. Tumemwona Meneja wao tu, mtu mpole mno, anayesema "tutaangalia" kwa kila jambo na hajawahi kuangalia lolote. Tangu tarehe 15 Januari vipindi vyote vinatoka makao makuu kwa satelaiti. Watangazaji wetu wanne wameambiwa wapumzike nyumbani, na hawakuambiwa hadi lini. Nimebaki mimi na mtambo, nahakikisha kwamba sauti za watu wasiotujua zinafika vizuri.

Matangazo ya vifo hayapo tena. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi sasa ni muziki wa mazoezi ya viungo. Nimeandika kwenye shajara: hadi jana, siku ishirini mfululizo, hayakusomwa.

Utasema hayo ni ya redio. Sikia ya kwetu. Wiki iliyopita walikuja watu wawili na kamba, wakapigilia vigingi kuzunguka mnara. Wanataka kuweka uzio. Kigingi cha nne kiko mlangoni mwa jiko la Mama. Nilipomuuliza Meneja, akasema kwa upole wake kwamba Kampuni ilinunua redio pamoja na "eneo la mnara", na kwa ramani yao eneo hilo linafika hadi dirisha la chumba anacholala Mama. Kama tuna ushahidi mwingine, tuupeleke baraza la ardhi tarehe 17 Machi.

Karatasi hatuna, unajua. Baba na Mwalimu hawakuandikiana. Walikubaliana hewani siku ya ufunguzi, miaka ishirini na moja iliyopita, watu wote wakisikia: Baba anatoa mahali pa kusimamisha mnara, kiwanja kinabaki chetu, na redio itasoma matangazo ya vifo ya kila mtu, kila asubuhi, bure. Mwalimu akajibu, "Tumekubaliana." Leo Mwalimu hata binti yake hamtambui. Ushahidi uliobaki ni kanda. Namba 112, sanduku la saba.

Jana nilifungua sanduku la saba. 111 ipo. 113 ipo. Katikati ni pengo. Mapengo ya masanduku mengine nayajua, ni ya kanda tulizofuta enzi za Bwana Rangi. Hili silijui. Nikachukua daftari la maktaba. Mtu wa mwisho kufungua sanduku la saba ni wewe, miaka miwili iliyopita, siku moja kabla hujahama. Kuingia saa tisa na dakika kumi, kutoka saa kumi na moja kamili. Karibu saa mbili, Kasuku. Mtu haagi rafu kwa saa mbili.

Nauliza mara moja tu: kanda iko wapi?

Mama anakusalimu. Hajui nimekuandikia hivi.

Kaka yako,
Saa


12 Februari

Kaka Saa,

Barua yako nimeisoma nimesimama, kama mtu anayesomewa mashtaka. Hata "hujambo" hukunipa! Basi nianze mimi. Hujambo, Kaka? Mgongo je? Bado unalala na saa mbili, moja ya kukuamsha na nyingine ya kuichunga ile ya kwanza?

Ndiyo, niliingia maktaba. Nilitia saini kwa sababu nilijua nisipotia hutalala. Nilitaka kunakili sauti ya Baba nije nayo huku. Sikufanikiwa. Hilo ndilo jibu langu, na nakuomba uliache hapo. Kanda yenye maneno ya Baba sina. Nakuapia kwa Mama.

Mimi bado niko kwenye kazi zilezile za matangazo, nasahihisha maandishi ya wengine. Chai tunapewa mara mbili kwa siku, mtu wa kuongea naye hatupewi.

Sasa na mimi nina swali. Wewe na huyo Meneja mlizungumza nini? Nasema kabla ya vigingi. Umesaini chochote? Ulimwambia nini kuhusu nyumba, kuhusu Mama, kuhusu sisi? Kuna chochote amekuahidi? Fikiri kabla hujajibu. Wewe tarehe hukosei, Kaka, lakini watu unawakosea.

Mwambie Mama asiving'oe vile vigingi. Namjua.

Kasuku


Chumba cha mitambo,
19 Februari

Kasuku,

Bahasha zako ninazitunza. Ziko ishirini na sita. Juzi nilizipanga mezani kwa tarehe. Hadi mwezi wa saba zina stempu ulizozilamba mwenyewe, moja umeibandika kichwa chini. Kuanzia mwezi wa nane hazina stempu. Zina muhuri mwekundu wa mashine, wa mnara mdogo wenye mawimbi matatu upande wa kushoto.

Jana niliingia kwa Meneja kuchukua fomu ya mafuta ya jenereta. Mezani kwake kulikuwa na bahasha kutoka makao makuu. Muhuri mwekundu. Mnara mdogo. Mawimbi matatu, upande wa kushoto.

Miezi saba unakula mezani kwao, na kwetu unaandika "kazi zilezile za matangazo".

Nimejiuliza mengi, na nitakuandikia mawili tu. La kwanza: wiki Kampuni iliponunua redio, kitasa cha kwanza kubadilishwa hapa kilikuwa cha maktaba. Si cha ofisi ya fedha, si cha studio. Nimeomba ufunguo siku nne nzima. Nani aliwaambia maktaba ina kitu? La pili: unaniuliza nimemwambia nini Meneja, na mimi sikukuambia kwamba niliwahi kukaa naye. Umejuaje?

Ukitaka kujua, alikuja nyumbani kumwamkia Mama, nikamjibu kwa adabu kama mgeni yeyote. Sijasaini kitu. Ameniahidi ukuu wa kituo, sikumwomba, na sikumjibu.

Kwenye shajara nimeandika neno juu yako ambalo siwezi kuliandika hapa.

Kiapo chako kwa Mama sijamwambia Mama.

Saa


Nyumbani,
23 Februari

Mwanangu Kasuku,

Anayeandika ni jirani yetu, fundi cherehani, mimi nasema tu. Nimemwambia aandike kila neno na asinirekebishe. (Mwanangu, naandika kila neno. Fundi.)

Kaka yako amenyamaza. Anakula, anaosha sahani, anaandika kile kidaftari chake, analala. Nimemuuliza Kasuku hajambo, akasema, "Hajambo sana." Hiyo "sana" ndiyo iliyonitia wasiwasi. Nikaingia chumbani kwake kufagia, nikakuta bahasha zako zimepangwa mezani kama karata. Mmeanza kuandikiana kama polisi na mwizi, na mimi ndiye niliyewazaa wote, sijui ni nani polisi.

Ya kigingi. Kila nikipeleka maji jikoni nakiruka, na goti langu hili. Sijaking'oa. Nimekitundikia kitambaa cha vyombo, kifanye kazi.

Ya redio. Naifungua saa kumi na mbili na nusu kama kawaida, napigiwa ngoma za kuruka. Siku hizi sijui nani amekufa. Juzi nilikutana na mke wa kinyozi sokoni, nikamtania, nikamwambia umependeza na nguo hiyo nyeusi. Kumbe mumewe ana siku ya nne kaburini. Mwanangu, nilitamani ardhi ipasuke. Baba yako alitoa kiwanja ili jambo kama hilo lisitokee kwa mtu yeyote hapa, na limetokea kwangu.

Na huyo Meneja mpole alikuja hapa kabla ya vigingi. Alikunywa chai vikombe vitatu. Akauliza kama kuna karatasi. Kaka yako akamwambia hapana, baba alikubaliana kwa mdomo tu, na akaongeza, "Sisi hatuna shida na mtu." Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Akanigeukia mbele ya mgeni: "Mama, mbona unanikanyaga?" Huyo ndiye kaka yako. Hawezi kuuza hata kuku bila kumweleza mnunuzi ugonjwa wake. Kama unamfikiria vingine, acha.

Na wewe kama una jambo, liseme. Ulipokuwa mdogo ukificha kitu ulikuwa unaongea sana. Barua zako za mwaka huu ni ndefu.

Mama


2 Machi

Kaka,

Umeshinda. Ndiyo, niko Kampuni tangu mwezi wa nane. Nilipoingia hawakuwa na habari na redio yetu. Ilipoanza kutajwa mwezi wa kumi na moja niliogopa kuwaambia ninyi, na niliogopa zaidi kuwaambia wao. Kila wiki nikasema wiki ijayo. Kuhusu kitasa cha maktaba, sikumwambia mtu lolote. Huku wana orodha: kila kituo wanachonunua, kitasa cha kwanza ni cha maktaba, kwa sababu ya nyimbo. Hawamjui Baba.

Nilijuaje habari za Meneja? Ripoti yake ilipita mezani kwangu niisahihishe lugha. Nainakili: "Fundi wa mitambo, ambaye ni mwana wa familia, amethibitisha kuwa makubaliano yalikuwa ya mdomo na kwamba familia haina shida. Anapendekezwa kuwa Mkuu wa Kituo." Kaka, niliisoma mara tano. Nilikuona umekaa kwenye kile kiti cha kuzunguka, na Mama anaruka vigingi. Nilikufikiria hivyo mwezi mzima, hadi Mama aliponiandikia habari za chai na mguu uliokanyagwa. Nilicheka peke yangu ofisini, kisha nikaenda chooni kulia. Nisamehe.

Imebaki kanda. Soma tena nilichokuapia. Nilisema kanda yenye maneno ya Baba sina. Sikudanganya. Kanda 112 ninayo, imo kwenye sanduku langu la nguo. Maneno ya Baba ndiyo hayamo.

Siku ile nilikuta pengo, kama wewe. Nikaitafuta kila rafu, ndiyo maana nilichukua saa mbili. Niliiona kwenye rafu ya matangazo ya biashara, kwenye ganda lenye lebo M/31 na tarehe ya Juni, enzi za Bwana Rangi. Kona ya lebo ilikuwa imebanduka, na chini yake kulikuwa na lebo nyingine, kwa mwandiko ninaoujua kuliko wangu. Nikaichukua ili asije akaiona mtu mmoja tu, yule ambaye ingemuumiza.

Nilikuwa nimeamua kuondoka na hili duniani. Lakini Mama anaruka kigingi, na tarehe 17 unakwenda barazani kutafuta kitu ambacho hakipo. Kwa hiyo fungua shajara yako. Miaka minne iliyopita, mwezi wa sita. Ukifika hapo ukae kwanza.

Kasuku wako


Nyumbani,
8 Machi

Dada yangu,

Nilikaa.

Nakunakilia ukurasa wote ulivyo, maana nisiponakili nitaanza kuupamba.

"14 Juni. Asubuhi: Vifo vitatu, vimesomwa. Saa tatu Bwana Rangi amekuja nyumbani kumwamkia Mama. Amesema amenunua redio, hakununua kiwanja. Neno la Baba analiheshimu, mnara utakaa kwa ruhusa yetu, na vifo vitasomwa bure. Tuliosikia: Mama, fundi cherehani, mimi. Jioni: Bwana Rangi anataka kanda tupu za matangazo ya rangi, pesa ya kununua mpya hakuna. Nimependekeza kanuni: zianze zile ambazo hazijachezwa kwa miaka kumi. Amekubali, ameisifu kanuni. Nimefuta kumi na nne: 31, 40, 58, 63, 77, 80, 112, 119, 126, 130, 141, 150, 152, 166. Kazi imekwisha saa kumi na mbili kasoro dakika tano."

Katikati ya orodha, kama namba ya kiatu. Baba alikuwa amefariki miaka kumi na moja. Tangu siku ile hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kuicheza kanda ile, tulikuwa tunaionea uchungu. Na kwa sababu hatukuicheza, kanuni yangu ikaikamata. Sikuangalia lebo. Niliangalia safu ya "mara ya mwisho kuchezwa".

Nilipoliona pengo, nilisoma shajara kuanzia siku uliyohama kuja mbele. Kila ukurasa. Kurudi nyuma sikurudi. Kwamba mimi ningeweza kufuta sauti ya Baba, hilo halikuwa jambo la kutafutiwa tarehe.

Sasa sikia kilichonikosesha amani siku hizi nne. Maneno ya asubuhi ndiyo ushahidi wetu pekee. Bwana Rangi amehama na simu hapokei. Mama anachokumbuka ni kwamba mgeni alikataa chai. Fundi cherehani atasema alisikia, Meneja atasema huyu ni jirani na rafiki. Lakini ukurasa huu umeandikwa siku ileile, kwa wino uleule. Asubuhi iko juu, jioni iko chini. Baraza likisoma juu litasoma na chini, mbele ya mji mzima: fundi mitambo, mtu wa kumbukumbu, aliifuta sauti ya baba yake ili iuzwe rangi.

Nina ule wembe wa kukatia kanda. Miaka ishirini na moja nimekata na kuunga bila mtu kusikia mahali palipokatwa. Ningekata nusu ya chini kwa dakika moja, nikasema panya.

Umeubeba ukweli huu miaka miwili ili nisiuone. Niambie nifanye nini.

Kaka yako


12 Machi

Kaka,

Sikwambii ukate, sikwambii uache. Nimekuamulia mara moja bila kukuuliza na umeona tulikofika.

Kanda nimeituma kwa posta ya vifurushi leo, nikalipa kwa pesa yangu, na stempu nimezilamba mwenyewe. Ni yako. Nimeisikiliza mara moja tu na sitaki tena.

Huku wamelijua jina la ukoo wetu. Wamenihamishia chumba cha mwisho, kina meza na hakina kazi. Usimwambie Mama kabla ya tarehe 17.

Kasuku


Nyumbani,
19 Machi

Kasuku,

Nakuandikia upesi, kabla hujasikia kutoka kwa mwingine.

Nilikwenda barazani na shajara zote ishirini na moja, kwenye toroli la fundi cherehani. Sikukata. Asubuhi ya tarehe 17 niliutoa wembe, nikautumia kunyolea ndevu, nikauacha nyumbani.

Mwenyekiti ni mama mmoja mwenye miwani, hana haraka. Alimpa katibu wake ule ukurasa ausome kwa sauti. Aliposoma habari za asubuhi, watu walinong'ona. Aliposoma za jioni, mmoja nyuma akacheka. Nilikuwa naitazama saa ya ukutani. Ilikuwa nyuma dakika sita.

Meneja akasimama, mpole kama kawaida. Akasema daftari la mtu binafsi si ushahidi, mtu anaweza kuandika lolote limfaalo. Mwenyekiti akamuuliza, "Na hili la jioni, linamfaa nini?" Meneja akasema hilo ataliangalia. Mwenyekiti akasema, "Mimi nimeshaliangalia. Mtu aliyeyaacha haya ya chini namwamini na ya juu."

Kisha, ili kuona kama nimeandika siku zote, akafungua shajara za nyuma na mbele bila kuchagua. Kila alipofungua alikuta vifo vya siku ile, vingapi, vimesomwa. Moja aliifungua kwenye tarehe 18 Februari mwaka huu, na katibu, masikini, akaisoma kama alivyosoma nyingine: "Kasuku ni mwizi na ameuza nyumba ya Mama. Sina dada." Mama alikuwa mstari wa mbele. Mji mzima umesikia, dada yangu, na mimi nikiwa nimesimama. Niliomba ruhusa ya kusema neno. Nikasema hilo nililiandika mimi na si kweli, na naomba nalo liandikwe. Wameliandika.

Uamuzi: vigingi ving'olewe. Kiwanja ni cha Mama. Mnara utabaki mradi Kampuni irudishe nusu saa ile ya asubuhi. Wakikataa wauhamishe ndani ya miezi mitatu. Jioni walipiga simu kutoka makao makuu: tuchukue nusu saa yetu, muziki wa mazoezi uanze saa moja. Kigingi cha nne Mama amekataa kukitoa. Anasema amekizoea kwa kitambaa cha vyombo, na sasa ni chake.

Watangazaji wetu hawajarudishwa, kwa hiyo jana nimesoma mimi. Vifo viwili. Jina moja nililikosea, nikaomba radhi, nikalirudia. Mama anasema nimesoma kama mtu anayehesabu mifuko ya saruji. Anauliza unarudi lini uje kusoma wewe, na mimi nauliza hilohilo. Chumba chenye meza bila kazi unacho hata hapa.

Kifurushi kilifika leo mchana. Nilifunga mlango wa chumba cha mitambo, nikaisikiliza yote. Ndoo ya rangi, mara kumi na moja, na kale kawimbo kake. Baada ya hapo, dakika kumi na tisa za kimya. Sikuruka hata moja. Hakuna kitu.

Nimebandua lebo ya M/31. Nimeandika mpya, nimeirudisha sanduku la saba, kati ya 111 na 113. Nakuandikia ilivyo, ili na wewe uwe nayo:

"112. Haina sauti. Isifutwe."

Kaka yako,
Saa